Leza ya makovu ya chunusi: jinsi ya kujiandaa ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Wanaouliza kuhusu leza huanza na bei. Wakitajiwa bei huuliza kama inauma, kisha huuliza waje lini. Ni wachache sana wanaouliza uso wao uandaliwe vipi, na hapo ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika, hasa kwa ngozi nyeusi na hasa kwa sisi tunaoishi kwenye miinuko. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye mashimo ya chunusi usoni, uko Mwanjelwa, Kihesa, Makambako au Tukuyu, unafikiria kusafiri kwenda kutibiwa na hujui uanzie wapi.

Utaona hatua nyingi zinakuja kabla ya mashine. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Kwanza jua ulicho nacho: kovu au doa

Simama karibu na dirisha asubuhi, mwanga uje kwa upande, usiwe chini ya taa ya dari. Shika kioo, kisha pitisha kidole shavuni taratibu.

Kama panapoonekana peusi ni sawasawa na ngozi ya jirani, hapana shimo wala kilima, hilo ni doa. Doa ni rangi iliyobaki baada ya chunusi kupona. Leza ya kutibu mashimo si dawa yake, na ikipigwa vibaya inaweza kulizidisha. Madoa mengi hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka na zaidi, mradi chunusi mpya zizuiwe na jua likingwe. Watu wengi wanaokuja wakitaka leza wana madoa tu, na wangeokoa fedha nyingi kwa kusimama dirishani.

Kama pamebonyea au pameinuka, hilo ni kovu, na makovu hayafanani:

- Shimo lenye mdomo mwembamba na kina kirefu. Leza mara nyingi haifiki chini yake. Hili hukatwa kwa kifaa kidogo cha duara na kushonwa, au daktari hudondoshea tindikali ya TCA ndani ya shimo peke yake. Tindikali hiyo ni kali, nayo si kitu cha kuagiza mtandaoni na kujipaka nyumbani.
- Shimo pana lenye kingo zilizosimama. Hapa leza hufanya kazi yake vizuri, hasa kama shimo si la kina sana.
- Bonde pana lisilo na kingo, linaloonekana zaidi mwanga ukija wa pembeni. Ukivuta ngozi kwa vidole viwili linapotea. Chini yake kuna nyuzi zinazovuta ngozi kwenda chini. Kwa kawaida daktari huzikata kwanza kwa sindano inayopitishwa chini ya ngozi, ndipo leza ifuate.
- Kovu lililoinuka, gumu, hasa kwenye taya, kifua au mabega. Hili hutibiwa kwa sindano ya steroidi ndani ya kovu. Kama wewe au ndugu zako wa damu mna keloidi, yaani makovu yanayoendelea kukua kupita kidonda chenyewe, sema mapema kabla mtu hajakugusa na leza.

Uso mmoja unaweza kuwa na aina zote nne. Ndiyo maana anayekuahidi kwamba leza moja itamaliza kila kitu hajautazama uso wako vizuri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chunusi zilizotulia. Kama bado unapata vipele vikubwa vyenye maumivu, subiri.
- Orodha ya dawa zote unazomeza na kila unachopaka, pamoja na maboksi na makopo yake. Mkorogo nao uuweke kwenye mfuko.
- Picha tatu za uso: mbele, kushoto, kulia. Zipigwe dirishani palepale, saa ileile, bila kichujio cha simu.
- Losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kepu huacha mashavu na masikio nje.
- Nafasi ya kukaa ndani siku kadhaa baada ya kila awamu.
- Fedha ya awamu zote. Nitalirudia hili chini kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi katikati.

Hatua ya 1: Zima chunusi

Kupiga leza uso ambao bado unatoa chunusi ni kuziba shimo huku mengine yakichimbwa. Anza na kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Dawa za kawaida ni benzoili peroksaidi na adapalini za kupaka, na kwa chunusi nyingi zaidi, doksisaiklini ya kumeza kwa miezi michache. Doksisaiklini hufanya ngozi iungue na jua kwa urahisi, kwa hiyo mwenye kuimeza akashinda shambani bila kofia anajitengenezea madoa mapya.

Chunusi kali sana huweza kuhitaji isotretinoini. Hiyo haimezwi kabisa na mjamzito wala anayeweza kushika mimba bila kinga ya uhakika, kwa sababu huharibu mtoto tumboni. Kama umeitumia, mwambie daktari ulimaliza lini. Madaktari wengi husubiri miezi sita baada ya kidonge cha mwisho kabla ya kupiga leza ya kuchimba, yaani inayotoboa ngozi ya juu. Kwa leza nyepesi wengine hawasubiri muda huo wote.

Kosa la kwetu: baridi ya Juni na Julai. Uso unapauka, basi tunajipaka mafuta mazito mpaka unang'aa, na mafuta ya nywele nayo yanateremka kwenye paji la uso. Kwa mwenye chunusi hiyo ni njia fupi ya kuziongeza. Tafuta losheni nyepesi ambayo kopo lake linasema haizibi vinyweleo.

Hatua ya 2: Acha mkorogo, na usiuache kimyakimya

Nasema hili bila kumsuta mtu. Krimu nyingi za kung'arisha zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini bado utavikuta kwenye meza za sokoni. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na kidonda kichelewe kupona. Zebaki huingia mwilini na kuumiza figo. Sasa fikiria ngozi ya namna hiyo ikipigwa leza.

Shida ni kwamba ukiacha steroidi ghafla baada ya kuipaka kwa miezi mingi, uso unaweza kuwaka: unawasha, unavimba, unajaa vipele. Wengi wakiona hivyo hurudi kwenye kopo wakidhani ndiyo dawa. Mwambie daktari jina la krimu na muda uliotumia, akupangie namna ya kuipunguza kidogokidogo. Hiyo inaweza kuchukua miezi. Na usishangae daktari huyohuyo akikuandikia haidrokwinoni kwa wiki chache baadaye. Ikipimwa na kusimamiwa ni dawa, tofauti kabisa na mchanganyiko usiojulikana kipimo.

Hatua ya 3: Jifunze jua la milimani

Watu wa Dar wanajua jua lao kwa sababu linawachoma. La kwetu linadanganya. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000. Kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya jua inayoumiza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Baridi haiipunguzi mionzi hiyo, na wingu jepesi la asubuhi huipitisha sehemu kubwa. Kwa hiyo unaweza kuvaa sweta Uyole saa tano asubuhi huku uso wako ukipokea mionzi mingi kuliko wa mtu anayetokwa jasho Kariakoo saa hiyohiyo.

Kwa ngozi nyeusi, jua baada ya leza ndiyo sababu kubwa ya kubaki na madoa. Basi anza mazoea wiki nne kabla, yasikukute siku ya kidonda:

1. Paka losheni kiasi cha kujaza urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo. Watu wengi hupaka robo ya kiasi hicho.
2. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na mara tu baada ya kutoka jasho jingi.
3. Ukipata yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa madini ya chuma, ichague. Huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao huongeza weusi kwenye ngozi zetu.
4. Vaa kofia hata kama umepaka.

Kuna losheni inayotengenezwa pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Usiende kuwaomba wala kuinunua kwa mlango wa nyuma. Kwao kopo lile ni kinga ya saratani. Wewe nunua ya dukani.

Hatua ya 4: Chagua mtu kwanza, mashine baadaye

Mashine nzuri mikononi mwa asiyejua ngozi nyeusi ni hatari kuliko mashine ya kawaida mikononi mwa anayejua. Tafuta daktari bingwa wa ngozi. Moshi kuna kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi tangu 1992, na waliopita pale wametawanyika nchi nzima. Daktari anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuuliza namba yake ya usajili si utovu wa adabu, na aliye halali haoni tabu kuitaja.

Kisha uliza mashine ni ipi. Nadharia ni hii tu. Leza ya makovu hutoa joto kwenye vitone vidogo sana na kuacha ngozi nzima katikati ya kitone na kitone, kama shamba la mahindi lililochimbwa mashimo ya mbegu bila kulimwa lote. Ngozi iliyoachwa ndiyo inayoponya iliyochomwa, na katika kupona hutengeneza kolajeni mpya, ile protini inayoipa ngozi uimara, nayo hujaza kovu. Mashimo yakisongamana mno, ngozi ya katikati haitoshi, na weusi hufuata. Kwa mtu mweusi, msongamano wa vitone una madhara zaidi kuliko nguvu ya kila kitone. Ukimsikia daktari akisema atapunguza msongamano na kuongeza idadi ya awamu, uko mahali pazuri.

Majina utakayoyasikia:

- Leza ya kaboni dayoksaidi (CO2), nanomita 10,600 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake). Inachimba. Ina nguvu kwa makovu ya kina, lakini kupona ni kurefu na hatari ya madoa ni kubwa.
- Leza ya erbiamu ya kuchimba, nanomita 2,940. Inachimba pia, kwa joto dogo zaidi pembeni.
- Leza ya vitone isiyochimba, mara nyingi nanomita 1,550. Juu ya ngozi hubaki pazima. Matokeo huja polepole, awamu ni nyingi, lakini kwa ngozi yetu hapa ndipo pa kuanzia.
- Nd:YAG, nanomita 1,064. Ni salama kwa ngozi nyeusi ikitumiwa vizuri. Ile huduma ya kupakwa unga wa kaboni usoni kisha kumulikwa ni ya aina hii. Hung'arisha uso kidogo, haijazi mashimo ya kina.
- IPL. Hii si leza. Ni mwanga mkali wa mchanganyiko, na kwenye ngozi nyeusi unaweza kuunguza. Baadhi ya saluni zina mashine ya IPL ya kuondoa nywele na huiita leza. Ukiona jina hilo kwenye mashine, shukuru na uondoke.

Uliza pia kama sindano ndogondogo zinafaa kwako. Ni kifaa kinachotoboa ngozi kwa sindano nyingi fupi bila joto. Kwa kuwa hakuna joto, hatari ya madoa ni ndogo, gharama kwa kawaida huwa ndogo, na kwa makovu ya wastani matokeo yake hayako mbali na ya leza isiyochimba. Kwa maoni yangu, mtu wa Nyanda za Juu Kusini asiye na uhakika wa kujificha jua wiki mbili aanze na hii.

Hatua ya 5: Dai jaribio la sehemu ndogo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na mwenye kuiruka huwa ana haraka ya kurudi na basi la kesho.

Daktari apige sehemu ndogo tu, kwa mfano mbele ya sikio au chini ya taya. Kisha rudi nyumbani usubiri wiki nne mpaka sita. Weusi unaosababishwa na leza hauji siku ile. Mara nyingi hujitokeza wiki ya tatu au ya nne, wakati umeshasahau. Sehemu ile ikipona bila weusi, endelea. Ikiwa nyeusi, umepoteza sehemu ndogo kuliko kupoteza uso mzima, na daktari sasa anajua abadilishe nini.

Ndiyo, ni safari ya ziada. Ihesabu kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Piga hesabu yote, chagua tarehe

Usiulize bei ya awamu moja. Leza isiyochimba kwa kawaida huhitaji awamu tatu mpaka tano, zikipishana wiki nne mpaka sita au zaidi. Ya kuchimba huwa moja mpaka tatu, kwa nafasi ndefu zaidi. Jumlisha: kumuona daktari, jaribio, awamu zote, dawa na losheni, nauli ya kwenda na kurudi kila mara, mahali pa kulala, na siku ambazo kibanda chako sokoni kitafungwa. Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, na nauli hiyo ikirudiwa mara tano au sita inaweza kukaribia gharama ya matibabu yenyewe. Bima usiitegemee mpaka umeuliza kwa maandishi, kwani matibabu ya kurekebisha sura kwa kawaida huachwa nje.

Kama fedha inatosha awamu moja tu, usianze. Nunua losheni ya jua, tibu chunusi, weka akiba.

Kuhusu tarehe: usipange karibu na harusi, sendofu wala mahafali. Epuka msimu wa vumbi kama unaishi kandokando ya barabara ya udongo. Makambako upepo wa Agosti na Septemba haumwachi mtu. Mkulima achague wakati ambao si wa kupanda wala kupalilia. Leza isiyochimba, wengi husafiri kesho yake. Ya kuchimba, kaa karibu na kliniki angalau siku tano mpaka saba.

Hatua ya 7: Wiki mbili za mwisho

- Acha adapalini, tretinoini na skrabu za kusugua uso wiki moja kabla, au kama daktari alivyosema.
- Usitoe nywele za uso kwa nta wala uzi. Wanaume: nyoeni taratibu siku moja kabla, wembe mpya.
- Kama umewahi kupata malengelenge ya mdomoni yanayojirudia, sema. Utapewa asiklovia ianze kabla ya leza, kwa sababu virusi vile huweza kusambaa uso mzima kwenye ngozi iliyochimbwa.
- Taja kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda, ARV, Septrin. Septrin huongeza uwezekano wa kuungua na jua. Daktari hahitaji kukuhukumu, anahitaji kujua.
- Mimba: ahirisha.
- Umeungua na jua au una jipu usoni wiki hiyo? Piga simu, sogeza tarehe.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Nenda uso mtupu, bila poda wala losheni yenye manukato. Utapakwa krimu ya ganzi ya lignokaini, ukae nayo karibu saa nzima. Iache kliniki ikupake. Usijipake kopo zima nyumbani mpaka shingoni ili usisikie kabisa. Ikipita kiasi huingia kwenye damu na kuleta degedege na matatizo ya moyo.

Macho lazima yafunikwe, yako na ya kila aliye chumbani. Asiyekupa kinga ya macho, nyanyuka. Utasikia joto na michomo midogo ya haraka, na kwa leza ya CO2, harufu ya kuungua. Yote hayo ni ya kawaida. Maumivu makali ya ghafla mahali pamoja si ya kawaida; sema papo hapo, usikaze meno kwa ajili ya heshima.

Kabla hujaondoka, omba maandishi ya mashine iliyotumika na vipimo vilivyowekwa. Awamu ijayo ikifanywa na mtu mwingine, karatasi hiyo ndiyo itakayomwongoza.

Hatua ya 9: Siku kumi za mwanzo

Siku ya kwanza na ya pili uso huwa wa moto, umevimba, mwekundu au wa kahawia iliyokolea. Weka kitambaa safi chenye maji baridi kwa dakika kumi, mara kadhaa. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Lala na mito miwili.

Osha uso mara mbili kwa siku na maji yaliyochemshwa yakapoa, sabuni laini isiyo na harufu, viganja tu bila dodoki. Kausha kwa kugusa. Kwa leza ya kuchimba, paka mafuta ya mgando safu nyembamba, kopo jipya lisilochovywa na familia nzima, mpaka ngozi ijifunge. Losheni ya jua huanza ngozi ikishafunga. Kabla ya hapo kinga ni kivuli na kofia.

Baada ya siku tatu hivi uso hukauka na kuwa kama msasa, kisha vigamba hudondoka. Usibandue. Kila kigamba kilichobanduliwa kabla ya wakati ni doa linalosubiri.

Makosa ninayoyaona zaidi huku kwetu:

- Kupaka asali, mshubiri uliokatwa bustanini, limao au dawa ya meno. Uso huu ni kidonda.
- Kukaa karibu na jiko la mkaa. Jioni ya Makete au Njombe bila jiko ni ngumu, naelewa, lakini joto la moto huamsha weusi. Vaa koti la pili, kaa mbali. Kupika kwa kuni mwachie mwingine wiki nzima.
- Kupanda bodaboda na kuvaa helmeti ya abiria. Imevaliwa na watu wangapi leo? Chukua bajaji au daladala.
- Kukaa upande wa jua ndani ya basi la kurudi. Unapokata tiketi, uliza jua litakuwa upande gani.
- Kurudi kwenye mkorogo ili "kusawazisha rangi".

Hatua ya 10: Subiri, halafu pima

Kolajeni hujengwa kwa miezi mitatu mpaka sita baada ya awamu ya mwisho. Wiki ya pili mashimo huonekana yamejaa kwa sababu uso bado una uvimbe. Uvimbe ukishuka, mtu hudhani leza imerudi nyuma. Usiamue kwa kioo. Rudi dirishani palepale, piga picha tatu zilezile, linganisha.

Lengo ni makovu kupungua kina na kivuli. Uso laini kama ambao haukuwahi kupata chunusi hautapatikana kwa leza yoyote, ya Dar, Nairobi wala India.

Mambo yakienda kombo

*Weusi umejitokeza wiki ya tatu.* Ndilo tatizo la kawaida kuliko yote. Usipige awamu nyingine juu yake. Kaza kinga ya jua, muone daktari akupe asidi ya azelaiki au dawa nyingine. Kwa kawaida hufifia, lakini hesabu miezi.

*Kuna vipele vipya vidogo.* Mara nyingi ni mafuta mazito yaliyoziba vinyweleo. Kama ngozi imeshafunga, punguza mafuta ya mgando na umuulize daktari lini urudie dawa ya chunusi.

*Maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, kuna usaha, au una homa.* Hayo ni maambukizi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, iliyo karibu, si lazima ile iliyokupiga leza. Usianze kwa kununua antibayotiki duka la dawa.

*Malengelenge madogo yaliyokusanyika, yanauma.* Huenda ni virusi vya mdomo vimeamka. Hii nayo ni ya siku hiyohiyo, na kama iko karibu na jicho, ni ya saa hiyohiyo.

*Mistari au miraba inaonekana usoni.* Alama za kichwa cha mashine hufifia kwa wiki chache. Zikibaki, msongamano ulikuwa mkubwa au mpigaji alirudia juu ya sehemu moja. Chukua ile karatasi ya vipimo umwonyeshe daktari mwingine.

*Sehemu zimepauka nyeupe.* Hii ni ngumu kuliko weusi na huweza kuchukua muda mrefu sana, pengine isirudi yote. Simamisha leza zote mpaka bingwa aone.

*Ngozi inaanza kuinuka na kuwa ngumu, inawasha.* Wahi. Kovu la kuinuka likianza kutibiwa mapema hutulia kwa urahisi kuliko likishakomaa.

*Awamu mbili zimepita, picha hazina tofauti.* Kabla ya kulipa ya tatu, rudi kwenye swali la aina ya kovu. Kama mengi ni mashimo membamba ya kina, au mabonde yaliyoshikiliwa na nyuzi chini, leza ileile ikirudiwa haitabadilisha kitu. Muulize daktari kuhusu kukata nyuzi au kutoa shimo mojamoja, na akikwepa swali hilo, chukua picha zako na karatasi ya vipimo uzipeleke kwa bingwa mwingine.